Memori Mpya Nyumbani kwa Wakwe

Mwanamume akikaa kwa wakwe zake, hata kukohoa anakohoa kwa adabu. Mimi nilikuwa nimeshafika hatua ya kupigia chafya ndani ya mto. Tulihamia pale "kwa muda tu", hivyo ndivyo mke wangu alivyowaambia wazazi wake siku ofisi yetu ya michoro ilipofungwa, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayekula kiapo. Muda tu ukaota mizizi. Nguo zangu zikapata kamba yake uani, kikombe changu kikapata msumari wake jikoni, na mama mkwe akaacha kuniita mgeni. Siku alipoacha kuniita mgeni ndiyo siku niliyoanza kuogopa.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu. Alitoka alfajiri na kurudi saa ya chakula cha mchana, kwa hiyo asubuhi nyumba ilibaki na sisi watatu: mimi na laptopu yangu kwenye meza ya kulia, mke wangu na cherehani yake dirishani, na baba mkwe akizunguka huku na huku mikono mfukoni kama mkaguzi aliyesahau alichokuja kukagua.

Baba mkwe alikuwa fundi umeme mstaafu. Katika nyumba yake hakuna kitu kilichowahi kuvunjika kikatupwa. Kilifungwa tepu kikaendelea na maisha. Rimoti ilikuwa na tepu, mpini wa ufagio ulikuwa na tepu, hata kitasa cha chumba chetu kilikuwa na tepu, na ukikishika gizani kinakung'ang'ania vidole. Na alikuwa na sheria yake moja isiyo na rufaa. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikwenda kwenye swichi kubwa karibu na mlango, akaisukuma chini kwa kiganja kizima, umeme wa nyumba nzima ukazimika.

"Nyaya nazo zinachoka, mkwe," aliniambia wiki ya kwanza. "Ziache zipumue."

Zilipumua mpaka jua lilipozama. Usiku watu wakishakula, akazipumzisha tena. Mimi nimesoma, najua nyaya hazina mapafu. Lakini utamwambia nini mtu aliyekupa binti yake, kisha akakupa na chumba?

Betri ya laptopu yangu ilikuwa imekufa zamani, haiwaki bila kuchomekwa ukutani. Jioni meza ilikuwa ya chakula na familia, kwa hiyo nilikuwa na asubuhi tu. Niliwahi kujaribu kubeba mashine nikafanyie kazi mjini. Mama mkwe akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kuna mtu nyumbani kwake aliyenikosea, au kama ni chakula chake ndicho kisichopanda. Sikutoka tena kufanyia kazi nje.

Kulikuwa na njia moja ya kuondoka mle kwa heshima. Mkandarasi mmoja niliyewahi kumchorea zamani alipata kazi ya kujenga zahanati katika mji mwingine, akaniambia nikimpa michoro yote kamili ifikapo Ijumaa, ananichukua moja kwa moja niwe mtu wake wa saiti. Kazi ya kudumu, na nyumba ya mfanyakazi ndani yake. Nyumba yenye mlango wetu, choo chetu, na swichi nitakayoizima mimi nikitaka. Mke wangu nilipomwambia alinikumbatia akasema, "Hatimaye." Niliishi kwa neno hilo.

Tatizo lilikuwa mashine. Ule mchoro wa zahanati ulikuwa mzito, na laptopu yangu ikiufungua ilikuwa inaganda. Nikigusa ukuta mmoja, nasubiri. Nikisogeza dirisha, nasubiri. Naweza kunywa chai, kusikiliza cherehani ikishona pindo zima la sketi, nikirudi bado kile kiduara kinazunguka kwenye kioo. Na mara nyingi mchoro ulipomaliza kufunguka, nilisikia geti, mama mkwe amerudi, chakula kiko tayari, na baada ya chakula mnajua kinachofuata.

Jumatatu ile nikajifunga kibwebwe. Nikageuza mashine, nikafungua kifuniko kidogo cha mgongoni, nikatoa kile kipande cha memori kilichokuwamo, nikakifunga kwenye leso na kwenda nacho mjini kwa fundi mmoja wa kike wanayemwita Kiberiti. Wanamwita hivyo kwa sababu anawaka haraka. Kibanda chake kiko kwenye korido ya maduka ya simu, na ndani yake mna nafasi ya kiti kimoja na hasira zake.

Alikishika kipande changu kwa vidole viwili. "Hii inatosha kuandikia barua," akasema. "Wewe unachorea zahanati kwa hii? Unaitesa mashine ya watu."

"Ni ya kwangu."

"Basi unaitesa ya kwako." Akafungua droo, akatoa kingine kinachofanana nacho, chembamba, urefu wa kidole, chenye safu ya meno ya njano upande mmoja. "Hiki kina uwezo mara nne. Mashine yako ina nafasi moja tu, kwa hiyo ni hiki au hakuna. Cha zamani niachie, kitapata mwenye shida kuliko wewe. Sasa sikiliza. Kichomeke kwa mshazari, halafu ukilaze mpaka vile vishikizo viwili vya pembeni viseme tak. Visiposema tak usije kuniletea maneno hapa."

Vilisema tak, jioni ile umeme uliporudi. Hata mke wangu alivisikia, maana ndiye aliyenishikia tochi ya simu. Aliinama karibu kabisa, akaniuliza maswali ambayo hakuwahi kuniuliza kuhusu kazi yangu. Hivi vidude ni vya nini? Hayo meno yanashika wapi? Nilifurahi, nikamweleza kila kitu kama mwalimu wa darasa la kwanza. Nikawasha. Mchoro ukafunguka kabla sijamaliza kujikuna shingo. Nikasogeza ukuta, ukasogea. Nikapiga kelele ya furaha, halafu nikakumbuka niko wapi, nikaimezea.

"Kwa hiyo sasa itakwenda haraka?" mke wangu akauliza.

"Itapaa."

"Na Ijumaa utakuwa umemaliza."

"Alhamisi, ukiniombea vizuri."

Akarudi kwenye cherehani yake, akakata uzi kwa meno. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga kichwani kitanda kitakaa upande gani kwenye nyumba mpya.

Jumanne nilipobonyeza kitufe, mashine ililia pii, pii, pii, kioo kikabaki cheusi. Nikabonyeza tena. Pii, pii, pii. Jasho likanitoka. Sikutaka kuigusa nisije nikaiharibu kabisa, nikaibeba kama mtoto mwenye homa mpaka kwa Kiberiti, ambaye aliifungua akanitazama.

"Kipande kimeinuka. Hukukilaza."

"Nilikilaza. Kilisema tak, nina shahidi."

"Masikio yako na macho yangu, tuamini yapi?"

Akakilaza, mashine ikawaka, watu wa foleni wakacheka. Nilipofika nyumbani sahani zilikuwa zimeshaondolewa mezani na swichi imeshashuka. Siku nzima ilikwenda na maji. Nilikaa kwenye kiti nikaitazama mashine nzima isiyo na umeme, na mama mkwe akaniletea chakula changu kilichofunikwa, akasimama pembeni mpaka nilipokimaliza.

Jumatano mambo yalikwenda. Nilichora kama mtu anayefukuzwa. Katikati ya asubuhi nikahisi kivuli mgongoni, nikajua ni baba mkwe.

"Mbona siku hizi inafunguka haraka?"

"Nimeiongezea memori, baba."

"Iko wapi?"

"Humu chini, penye kifuniko."

"Inatoka kirahisi?"

"Kirahisi sana. Unapanua vishikizo viwili, inainuka yenyewe."

Akaguna. Akaendelea kusimama mgongoni mpaka nikaanza kukosea mistari. "Na ukimaliza Ijumaa, mnaondoka."

"Mungu akipenda, baba."

"Eh," akasema, akaondoka zake, mikono mfukoni.

Niseme ukweli, yule mzee nilikuwa na kinyongo naye. Tangu miezi kadhaa iliyopita alikuwa ameacha kunipa mkono. Nikimwamkia, "Shikamoo baba," anajibu, "Marahaba, mkwe," na mkono haumtoki mfukoni. Mezani alikuwa hali nasi. Anakaa, anaongoza mazungumzo, lakini sahani yake haigusi mpaka tuondoke, na chai yake anakunywea chumbani mlango umefungwa. Mimi niliona jambo moja tu: mwanamume asiyetaka kula na mkwe asiye na kazi. Nikameza. Kila siku nikameza, mpaka tumbo likajaa.

Alhamisi, pii, pii, pii.

Safari hii sikukimbilia mjini. Nilifungua kifuniko mwenyewe, nikakuta kipande kimelala vizuri. Nikakitoa, nikakirudisha, tak. Pii, pii, pii. Nikakifuta, nikakipuliza, nikakibembeleza, nikakitukana kwa sauti ya chini. Mke wangu aliacha kushona akaniangalia, macho yake mekundu. Nikadhani ananionea huruma. Nikachukua mashine nikatoka mbio.

Kiberiti alikishika kile kipande akakielekeza kwenye taa. Akakigeuza. Akaanza kucheka, kisha akaacha alipoona uso wangu.

"Kaka," akasema, na hajawahi kuniita kaka, "unaishi na nani?"

"Kwa nini?"

"Tazama hapa kwenye meno. Kuna tepu."

Nikatazama. Ilikuwa tepu isiyo na rangi, nyembamba, imebandikwa juu ya yale meno ya njano kutoka mwanzo hadi mwisho. Imekatwa sawasawa na upana wake, hakuna uzi uliozidi, hakuna kona iliyoinuka. Usipoinamisha kwenye mwanga huioni.

"Hii haikujibandika," Kiberiti akasema. "Na ile juzi haikuinuka yenyewe, nilikulaumu bure. Kuna mtu hataki ufanye kazi." Akapeleka ukucha ili aibandue.

"Iache," nikasema. "Iache hivyohivyo. Kuna mtu nataka aione."

Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Nyumba yenye tepu ninayoijua ilikuwa moja. Mtu aliyeuliza kama inatoka kirahisi nilimjua. Kwanza ananizimia umeme, halafu hanipi mkono, halafu hataki kula nami, na sasa ananifungia mlango nisitoke! Kama hanitaki, kwa nini haniachi niende? Nikaona nimekuwa kama vile vitu vyake, hata nikivunjika natiwa tepu nibaki palepale.

Niliwakuta mezani wote watatu. Mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza ametua mkoba wake. Niliweka kile kipande kando ya sahani ya baba mkwe.

"Kaa ule kwanza, mkwe," mama mkwe akasema. "Kinapoa."

"Nitakula, mama. Nina swali kwa baba. Baba, tepu hii imefikaje hapa?"

Baba mkwe akakitazama kile kipande. Kisha akainua macho, yakanipita, yakaenda upande wa pili wa meza. Nilidhani ananikwepa. Alikuwa anamtazama binti yake.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe umefanya nini?" mama mkwe akauliza.

"Nimebandika tepu kwenye mashine ya mkwe. Nilitaka kujaribu kitu."

Hapo ndipo yote niliyokuwa nameza yalipopanda. "Kujaribu! Kazi yangu ya Ijumaa, baba, nyumba yangu na mwanao, ndiyo ya kujaribia? Basi ibandue. Mkono ulioibandika ndio uibandue, hapa mbele ya watu wote."

"Mume wangu, acha," mke wangu akasema.

"Siachi. Tangu nimekuja humu naacha. Leo siachi. Ibandue, baba."

Baba mkwe akatoa mkono wa kulia mfukoni. Akakinyanyua kile kipande, kikamponyoka. Akakinyanyua tena, akatoa na mkono wa kushoto ili kusaidia, na hapo tukaona wote. Mikono ilikuwa inatetemeka kama ya mtu aliyetolewa kwenye baridi. Kipande kikawa kinagonga ukingo wa sahani, kikigonga na kugonga, naye anatafuta ncha ya tepu kwa ukucha, anaikosa, anaitafuta. Hakuinua uso. Alijitahidi kwa bidii kweli, kama mtoto anayefanyishwa mtihani, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia aache.

Mama mkwe ndiye aliyezungumza. "Mikono yako."

"Si kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zile zilizopita."

"Na mimi hukuniambia." Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia kwa mwalimu mkuu. "Miezi yote hii hunishiki mkono. Nilidhani umenichoka."

Akasimama, chakula hakukigusa, akatoka uani. Tulimwona kupitia dirishani amesimama kwenye kamba ya nguo, anazishika nguo ambazo hazijakauka.

Mke wangu akanyoosha mkono. Akakichukua kile kipande kwenye vidole vya baba yake, akapitisha ukucha mara moja, tepu ikatoka nzima. Akaibandika kwenye kitambaa cha meza mbele yangu.

"Ni mimi," akasema. "Zote mbili. Baba hakujua kitu."

Nilitazama ile tepu jinsi ilivyokatwa, nikaona mkasi wake, nikaona pindo zake zote zilizonyooka, nikajiona mjinga wa karne. Baba mkwe alirudisha mikono mfukoni. Alipoinuka aliniambia, bila hasira yoyote, "Leo sizimi swichi, mkwe. Fanya kazi yako." Bora angenitandika kofi.

Chumbani tuligombana kwa kunong'ona, kama tulivyofanya kila kitu katika nyumba ile.

"Nani anamfunga vifungo vya shati asubuhi, unajua?" mke wangu akasema. "Mama akishatoka. Nani anamnyoa? Nani anamshikia kikombe mle chumbani? Alinilisha kiapo nisimwambie mtu. Wewe hasa. Alisema mkwe asimwone hivyo."

"Na mimi je? Uliniambia 'hatimaye'. Ulinikumbatia."

"Ulikuwa na furaha."

"Nakuuliza wewe!"

"Shusha sauti." Akaketi kitandani. "Kila nilipotaka kukwambia ulikuwa unanionyesha jiko litakaa wapi. Daktari amesema hali hii itashuka mpaka miguuni. Mama hawezi kuacha shule. Mimi nitaondokaje?"

"Kwa hiyo uliamua kunibandika tepu."

"Sikuwa na njia nyingine."

"Mpaka lini? Ijumaa hii ipite, nyingine ije, na nyingine. Ungeniharibia mpaka lini?"

Alifikiri kweli, sikuona hila usoni mwake. "Mpaka uzoee," akasema.

Nilirudi mezani, nikachomeka kipande, tak, mashine ikawaka. Umeme ulikuwepo mchana kutwa. Hakuna aliyepita nyuma yangu. Mashine ilikwenda kama upepo, na mimi nilichora kuta za zahanati huku roho imenikauka, maana kila kitu nilichokililia nilikuwa nacho na kila mmoja alikuwa ananipisha. Ijumaa kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimemaliza. Nikatuma michoro yote.

Jioni ile baba mkwe alituita sebuleni. Alikuwa ameketi kando ya mama mkwe, na mama mkwe alikuwa ameshika mkono wake mmoja kwa mikono yake miwili, kwa nguvu, kama anayeuzuia usikimbie. "Nendeni mkakae kwenu," baba mkwe akatuambia. "Sikuzaa mlinzi." Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Mke wangu akasema sawa, akaenda kutoa begi chini ya kitanda. Alikunja nguo zangu kwanza, halafu zake, vizuri, bila kulia. Nilingoja alie ili nipate sababu ya kukasirika.

Jumamosi mama mkwe alitoka mapema kwenda sokoni. Baba mkwe alikuja kunywa chai mezani, kwa kuwa sasa hakuwa na cha kuficha. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Mke wangu alikuwa anamshikia kikombe, mteja akapiga hodi kufuata sare za watoto wake, naye mke wangu akanitazama. Nikahamia kiti chake, nikakishika kikombe mimi. Chai ilikuwa ya moto, nikawa naipuliza kwanza.

"Samahani kwa shida, mkwe," baba mkwe akasema.

"Hakuna shida, baba."

Nilikuwa bado sijamwomba radhi. Kila nilipofungua kinywa maneno yalikataa. Nikasogeza kikombe mdomoni mwake, akanywa kidogo, nikakirudisha, nikapuliza. Alikunywa macho ameyafumba.

Simu yangu ikalia mezani. Mikono yangu yote ilikuwa kwenye kikombe. Mke wangu alikuwa amemaliza na mteja, akaja, akaitazama simu, akanitazama mimi. Kisha akaichukua, akaipokea, akaniwekea sikioni.

"Bwana michoro!" Mkandarasi alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine za zege, wote walimsikia. "Nimeiona yote. Kazi safi. Jumatatu asubuhi nakutaka saiti. Funguo za nyumba ninazo hapa mkononi, vyumba viwili, maji ndani."

"Nashukuru, mzee. Nilikuwa nauliza, siwezi kuanza nikiwa huku, nikawa natuma..."

"Huku wapi? Nataka mtu wa kukanyaga tope. Kuna mwingine amekaa hapa nje ananisubiri. Unakuja, huji?"

Baba mkwe akafumbua macho. "Lete hicho kikombe," akaninong'oneza. "Lete, nitashika mwenyewe. Mjibu mtu."

"Subiri, baba."

"Lete!" Akakivuta. Mikono yake ikakifunika kikombe, ikaanza kutetemeka, naye akang'ang'ania, akaniondoa vidole kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Chai ikaruka. Ikammwagikia kifuani, ikashuka kwenye shati lile lililofungwa vizuri, mpaka mapajani. Hakupiga kelele. Aliuma meno, akaweka kikombe kitupu mezani, akaniangalia machoni.

"Haina moto," akasema. "Mwambie unakuja."

"Wewe!" mkandarasi akasema. "Nipo nakusikiliza."

Hakuna aliyekuwa amenishika. Mlango wa mbele ulikuwa wazi tangu mteja alipotoka, na begi letu lilikuwa limeegemea ukuta palepale karibu nao. Nilimchukia yule mzee kwa kunidanganya kuhusu chai niliyoipuliza mwenyewe. Nilimchukia mke wangu kwa mkono wake uliotulia sikioni mwangu. Nilitaka kusema nakuja, nakuja leo hii, nakuja kwa miguu, na neno lilikuwa limefika ulimini kabisa.

"Siji," nikasema.

Nikaanza kumfungua baba mkwe vifungo vya shati ili lisiendelee kumuunguza, kimoja baada ya kingine, naye akageuzia uso ukutani. Mkandarasi alikuwa ameshakata. Mke wangu aliendelea kunishikia simu sikioni, na mimi nikaendelea kusikiliza.